Mkoba wa Nyuma ya Mlango

Mtaani kwetu Chumbageni sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Wakubwa walimwita Bi Fundi, watoto walimwita Bibi wa Mikoba, na mimi nilimwita Bibi tu, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Yeye aliniita Tajiri. Siku ya kwanza nilipomwambia kwamba ipo siku nitafungua duka la mikoba, lenye kioo mbele na taa zinazowaka hata mchana, alinitazama kuanzia kandambili mpaka ushungi, akasema, "Haya Tajiri, kaa. Lakini kaa huku. Hapo umekalia sindano."

Kazi yake ilikuwa kusafisha na kutengeneza mikoba ya kike ya ngozi, ile ya zamani, yenye vifungio vya shaba vinavyolia "tak" ukivifunga. Hakuwa na duka wala kibao. Alifanyia ukumbini kwake, juu ya mkeka, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha, mkoba kaupakata kama mtoto anayesafishwa masikio. Vifaa vyake vyote vilienea kwenye sinia moja: vitambaa vilivyokatwa kwenye kanga zilizochakaa, kipande cha sabuni, chupa ya siki, mswaki, donge la nta ya nyuki, uzi, na msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu, ambayo mpini wake ulishabonyea kwa kufuata vidole vyake.

Mimi nauza mikoba ya mtumba sokoni, juu ya turubai. Shule niliishia kidato cha pili, na sisemi hivyo ili nihurumiwe, maana kuota ndoto hakuhitaji cheti. Ukifungua robota la mtumba, mengi ni plastiki inayojifanya ngozi. Ila mara mojamoja unakutana na mkoba wa kweli, mzee, umekunjamana uso, umebanwa katikati ya wenzake kama bibi kizee aliyekosa siti. Hiyo ndiyo niliyokuwa nampelekea. Ndivyo nilivyoanza kuingia kwake, na nikaendelea kuingia hata siku ambazo sikuwa na mkoba wa kupeleka.

Mwanzoni niliogopa, niseme kweli. Nje mchana kweupe, jua linachoma bati, lakini ukumbi ule ulikuwa na kiza chake wenyewe, chenye harufu ya nta na karafuu. Kuta tatu zilijaa misumari, na kila msumari una mkoba. Mingine imegeuzwa uso ukutani, mingine imetazama mlango. Nilikaa siku nyingi nikidhani ameitundika ovyo, mpaka nikauliza.

"Bibi, hii mbona imegeuzwa?"

"Hiyo ya walio hai. Wenyewe watakuja kuichukua."

"Na hii inayotutazama?"

"Haikutazami wewe. Inatazama mlango. Wenyewe walishatoka."

Nikasogea kidogo kwenye mkeka. Akacheka, akanipa kashata.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya kazi yake: mikoba ya marehemu. Mwanamke akifariki, kanga zake hugawiwa, dhahabu yake hugombewa, lakini mkoba aliokuwa akitoka nao huogopwa. Hakuna anayetaka kutia mkono mle ndani akutane na kitana chenye nywele zake. Basi arobaini ikipita, utaona binti au mkwe amesimama mlangoni kwa Bibi, mkoba kaushika kwa ncha za vidole kama aliyeshika samaki aliyelala.

Mara ya kwanza nilipoona anavyoipokea ni siku ulipoletwa mkoba wa bibi mmoja kutoka nyumba ya Waarabu wa mjini, mweusi, mgumu, una pete ya dhahabu kwenye kifungio. Walioleta walipoondoka, Bibi alinawa mikono, akajifuta, akauweka mkoba mapajani, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, polepole.

"Hodi."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Mkoba, bila shaka, haukujibu. Halafu akageuza uso pembeni, akaufungua, akamimina vyote vilivyomo kwenye kipande cha kanga, akafunga fundo na kuweka kando. Hakutazama hata kimoja.

"Bibi, umembishia nani?"

"Mwenye mkoba."

"Si amekufa?"

"Kwa hiyo akifa ndiyo unaingia chumbani kwake kama mbuzi?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na kashata. "Au kuna majini humu, Bibi?"

"Jini akae mkobani afanye nini, ahesabu vibanio? Adabu, mwanangu. Adabu tu."

Na kweli hakuwa mtu wa majini wala mizimu. Akisikia fulani kapelekwa kwa mganga, alikuwa akisonya mpaka paka anaamka. Lakini hodi hakuiacha hata siku moja. Hakuacha pia kile kimya cha baada ya hodi, ambacho hakikuzidi pumzi moja, ila ukiwa umekaa humo ndani, na ile mikoba ya marehemu imetazama mlango, pumzi hiyo huwa ndefu.

Sharti la pili lilihusu walio hai. Mkoba wa aliye hai lazima mwenyewe aje autoe vitu kwa mkono wake, mbele ya Bibi, ndipo aupokee. Hakuna kutuma mtu, hakuna "wewe toa tu Bibi, hamna kitu humo." Nilishuhudia siku moja bwana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri akiingia na mkoba wa kahawia.

"Bibi, nataka usafishwe. Ila kwanza umwage hapa nione kilichomo."

"Mkoba wako, baba?"

"Wa mke wangu."

"Mkeo yu hai?"

"Yu hai."

"Basi aje mwenyewe."

"Bibi, mkoba huu nimeununua mimi!"

"Hata sanda yako atanunua mwingine, baba, lakini atakayelala ndani ni wewe."

Yule bwana alikaa kitako bila kuambiwa. Bibi akammiminia kahawa chungu, akamwacha ainywe, akaniomba simu nimpigie huyo mke. Mke akaja, amevimba kwa hasira, akamwaga mkoba wake mbele yetu sote: rangi ya midomo, tishu, panadoli, na picha ya pasipoti ya mumewe, ya enzi hizo bado ana nywele. Wakaondoka wameshikana mikono. Bibi akabaki anaung'arisha ule mkoba na kutabasamu peke yake. Huyo alikuwa mpenda habari kuliko mtu yeyote mtaani. Nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaonekana Muheza na nani, yeye ndiye wa kwanza kujua. Lakini umpe mkoba uliofungwa, anageuza uso.

Pua yake nayo ilikuwa ajabu. Kabla ya kugusa kitambaa chochote alikuwa akiunusa mkoba, kwanza nje, halafu mshono, halafu chini. "Huyu alikuwa akimenya machungwa kaupakata," aliniambia juu ya mkoba wa mwanamke mmoja mfanyabiashara, na mwenyewe alipokuja kuuchukua, kumbe anashinda Muheza stendi na matunda yake. Mimi alinifundisha kunusa hivyohivyo, na kusema ninachokisikia bila kupamba. Nikisema, "Nasikia waridi," akiona nadanganya ananipiga na kitambaa.

Ngozi aliihudumia taratibu mno. Sisi watu wa pwani tuna imani isiyotikisika na mafuta ya nazi. Nywele, mafuta ya nazi. Kisigino kimepasuka, mafuta ya nazi. Bawaba inalia, mafuta ya nazi. Basi bibi harusi mtarajiwa mmoja alirithi mkoba wa nyanya yake, akataka uwe laini siku ya ndoa, akaukandika mafuta ya nazi na kuuanika juu ya paa ukolee jua. Ulipoletwa kwa Bibi ulikuwa mgumu kama papa mkavu, unanuka mafuta yaliyochacha, na sisimizi wanatoka kwenye mshono mmoja na kuingia mwingine.

"Umempikia nani mchuzi huu?" Bibi aliuliza.

Msichana akaangua kilio. Hapo Bibi akaacha mzaha. Alimvuta, akamfuta machozi kwa kitambaa kilekile cha kufutia mikoba. "Usilie. Hujauua. Umeushtua tu." Akaushughulikia wiki nyingi: siki iliyozimuliwa kwa maji, kitambaa kikavu, kivuli, vipande vya mkaa ndani vinyonye harufu, tena kivuli, na nta mwishoni kabisa, kwa ncha ya kidole. "Usiumwagie," alikuwa akinielekeza. "Upanguse, uuache. Ukikataa, uuache tena." Siku ya harusi nyanya wa watu alikuwepo ukumbini, kwapani kwa mjukuu wake.

Mwanamke mwenye subira ya namna hiyo, lakini umtajie kitasa cha mlango wake uone. Kilikuwa kitasa cha zamani, kipana, kimelegea. Mjomba wangu ni seremala, na kila akipita alikuwa akimtania.

"Bi Fundi, kitasa hiki mwizi anafungua kwa kijiko."

"Mwache afungue, nimpe na sahani."

"Nikubadilishie bure kabisa, sadaka yangu."

"Usikiguse. Kina funguo zake watu wanazo."

"Watu gani? Si unaishi peke yako?"

Bibi alirudi kwenye mshono wake kama hakusikia. Mjomba akanitazama, mimi nikatazama chini. Na si kitasa tu. Usiku alikuwa anafunga kwa ufunguo, lakini komeo la ndani hakulitia hata siku moja. Mama yangu alimsema sana kwa hilo. Mtaani walijiambia kwamba hakuna mwizi atakayethubutu kuingia nyumba yenye mikoba ya maiti ukutani, wakaacha kuulizana.

Sasa nifike kwenye ule mkoba.

Haukuwa kwenye kuta tatu. Ulitundikwa peke yake, kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele, kwa hiyo mlango ukiwa wazi huuoni. Ulikuwa wa rangi ya tende, nadhani, maana rangi yenyewe ilishamezwa na ukungu, mweupe juu na wa kijani kwenye mikunjo. Tumbo lake lilikuwa limeanza kulegea. Lakini mkanda wake uling'aa. Ulisuguliwa nta mpaka unaona dirisha ndani yake, na mshono wake ulikuwa safi kuliko mshono wowote mle ndani. Ungedhani mtu kavalishwa kilemba kipya na kanzu iliyooza.

Na upepo ukipita, mlango ukitikisika, mkoba ule ulikuwa ukigonga mbao kwa sauti ndogo, laini, kama mtu anayebisha kwa kiganja. Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa akiitika tu, "Karibu," na kuendelea kushona. Mara ya kwanza niligeuka kumtazama mgeni. Hakukuwa na mtu.

Siku moja nikajitia ujasiri. "Bibi, ule wa mlangoni umeutunza mkanda, mwili umeusahau."

"Sijausahau."

"Ni wa aliye hai au wa marehemu? Haukugeuzwa ukutani, wala haukutazama mlango. Uko kwenye mlango wenyewe."

Msharasi ukamchoma kidole. Miaka yote ya kumjua, hiyo ndiyo siku niliyoona damu yake. Akakinyonya kidole, akaniambia nikamletee maji, na nilipoyaleta alikuwa ameshaanza habari za harusi ya mtu mwingine.

Mama ndiye aliyenisimulia. Bibi alikuwa na binti, wa pekee. Asubuhi moja binti huyo alikuwa anakwenda Moa kwenye harusi ya shoga yake, na mkanda wa mkoba huo ukamkatikia mlangoni, akiwa tayari amechelewa. Akautundika kwenye msumari. "Mama, nishonee. Vitu nitatoa nikirudi." Akachukua kikapu, akaondoka. Harusini alionekana, akicheza mstari wa mbele. Asubuhi iliyofuata mtu alimwona nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya kuelekea mpakani. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena, na simu yake haikuita. Bibi alikwenda Moa, akauliza nyumba kwa nyumba, akauliza vijana wa bodaboda mmojammoja, akarudi mikono mitupu. Wengine walisema amevuka na mwanamume kwenda Mombasa. Wengine, Uarabuni, kazi za ndani. Wengine walishusha sauti na kutazama upande wa bahari.

Bibi hakuweka matanga wala khitima. Aliushona ule mkanda jioni ileile aliyorudi, bila kuufungua mkoba, kutokea nje tu. Na kila Ijumaa akawa anausugua nta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa sharti lake mwenyewe, binti akiwa hai, atakuja kuutoa vitu kwa mkono wake. Akiwa amekufa, lazima mkoba ubishiwe hodi. Na Bibi kubisha hodi kwenye mkoba ule ni sawa na kumzika mwanawe kwa mkono wake. Kwa hiyo ukakaa pale, si wa huku wala wa kule, ukioza.

Ingekuwa hivyo hadi mwisho, kama isingekuwa masika yale. Mvua zilinyesha mfululizo, hewa ikawa nzito, chumvi ikayeyuka ndani ya kopo. Nikaanza kuona vidoa vyeupe kwenye mkoba mmoja ukutani, kisha mwingine, ile ya karibu na mlango kwanza. Sikusema. Nilidhani Bibi, kwa macho yake yaliyokuwa yameanza kufifia, hakuona. Kisha akaja dada mmoja kuchukua mkoba wa marehemu mama yake, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya vidoa.

"Bibi, mkoba huu mama alinunuliwa na baba walipooana. Nilikuletea mzima."

"Najua, mwanangu."

"Sasa ndiyo nini hii?"

"Ukungu. Umetoka kwangu. Niachie niutibu."

"Sikuachii." Akaondoka nao mvuani, kaukumbatia.

Kesho yake alasiri Bibi alinibipu. Hakuwa na desturi hiyo, salio lake alilitunza kuliko macho. Nikakunja turubai mapema, nikaenda.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Kaa, Tajiri. Leo popote utakapokaa hakuna sindano."

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mikoba yote ya watu alikuwa ameishusha, ameifuta, ameihamishia chumbani na kufunga mlango. Kuta tatu zilibaki na misumari tu. Na katikati ya mkeka, juu ya kanga safi, uliwekwa ule mkoba. Nyuma ya mlango ulikuwa umeacha alama yake, umbo la mkoba, jeupe.

"Vidoa uliviona," alisema.

"Niliviona, Bibi."

"Hukuniambia."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma yako imenitia aibu kwa mtoto wa watu." Lakini hakusema kwa ukali. "Ukungu unatoka humu. Nnajua tangu masika yaliyopita. Nikasema utakoma. Sasa mikoba ya marehemu wa watu inaugua kwa ajili ya wangu."

"Tuutoe uani, Bibi, tuupepee kivulini, tuupake siki..."

"Nje nimeshapaka. Ukungu uko ndani."

Matone ya mvua yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo pale bati lilipotoboka.

"Ubishe wewe," akasema.

"Mimi?"

"Mimi siwezi. Mimi mama yake. Nikibisha mimi nimemzika. Wewe mgeni. Mgeni hubisha hodi kokote, hajui ndani kuna nani."

Nikanawa mikono. Nikaufuta mkono mmoja mara mbili bila sababu. Nikaupakata. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na chini ulikuwa laini, kama shavu. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, na ngozi haikulia, ilibonyea tu.

"Hodi."

Nikasubiri ile pumzi moja. Ikapita. Sikuweza kuufungua. Bibi alikuwa ameutazama mlango, si mkoba, na midomo yake inakwenda kama ya mtu anayehesabu tasbihi. Tone likaanguka, likaanguka lingine. Nikawa namwomba Mungu moyoni, nisijue hata ninaomba nini. Ndipo ikatoka sauti. Haikuwa sauti niliyoizoea ya Bibi, ingawa ilitoka kwake. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, ya msichana anayesuka nywele chumbani na ameitwa ghafla.

"Karibu."

Nikaufungua. Kifungio hakikulia "tak". Kiliachia bila sauti.

"Unasikia nini?" Bibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Nikanusa. Nilijua nikipamba nitapigwa na kitambaa. "Ukungu, Bibi. Ukungu mwingi." Nikainamisha uso zaidi. "Na chini kabisa, kidogo tu, poda."

"Poda ya watoto. Alikuwa akijipaka shingoni."

Nikageuza uso kama nilivyofundishwa, nikamimina kwenye kanga.

"Leo tazama," akaniambia. "Tutazame wote."

Kitana. Vibanio vilivyoshika kutu. Peremende iliyoganda na karatasi yake. Na leso ya mkononi, imefungwa fundo, ndani yake kitu kigumu. Bibi alilifungua fundo kwa kucha, mimi nikitamani kumsaidia na nisithubutu. Ikatoka kauri ndogo ya baharini iliyofungwa kwa uzi, na mwisho wa uzi ule, ufunguo.

Niliujua. Nilikuwa nimeuona mwenzake kila siku, kiunoni kwa Bibi, kwenye pindo la kanga. Nikautazama ule msumari mtupu nyuma ya mlango, halafu kitasa, kilichokuwa kama shubiri moja tu chini yake.

Bibi aliugeuza ufunguo kiganjani. "Nilijua anao," alisema polepole. "Kitasa sikubadili, komeo sikutia. Nikasema akija usiku wa manane, amechoka, ana aibu, hataki kunigongea, ataingia tu." Akaufumba kiganjani. "Kumbe nilikuwa nimemfungia nje."

Nikashika mkono wake wenye ufunguo. "Bibi. Aliuacha kwa sababu alikuwa anarudi."

"Au aliuacha kwa sababu harudi."

"Mtu asiyerudi hasemi nishonee mkanda, Bibi. Asiyerudi anauacha umekatika."

Akanitazama kwa macho yale yenye utando. Kisha pembe ya mdomo ikapanda kidogo. "Tajiri, wewe utauza sana."

Akainuka kwa kushikilia bega langu, akatoka mpaka nje barazani, akauingiza ufunguo kwenye kitasa kwa upande wa nje. Nilitegemea ukwame. Ulizunguka laini, kama uliotumika alfajiri ileile. Alikuwa akikipaka mafuta kitasa kile miaka yote. Akauacha humohumo tunduni, kauri inaning'inia.

"Nenda nao mkoba," alisema. "Bitana uikate, imekufa hiyo. Ngozi itapona. Siki kidogo, kivuli, nta mwisho."

"Nikimaliza niutundike vipi, Bibi? Niugeuze ukutani, au utazame mlango?"

Alifikiri. "Maliza kwanza."

Nikauviringisha kwenye kanga kwa ajili ya manyunyu, nikautia kwapani.

"Ukitoka urudishie tu mlango, usifunge. Na ufunguo usiuchomoe."

"Bibi, kuna wezi!"

"Waje. Nitawapa kahawa."

Nikaurudishia. Nikatembea mpaka karibu na kona, mkoba unanilainikia kwapani kama kitu kilicholala. Upepo ukapita, ule mzito wa masika. Mkoba ninao mimi, nyuma ya mlango hakuna kitu. Lakini nikasikia mlango unagongwa, mara moja, kidogo tu, kauri kwenye mbao.

Na kabla sijageuka, kutoka ndani, Bibi akaitika.

"Karibu."